Mtaa Usio na Mtani

Juzi kijana wa nyumba ya pili alikuja kuniaga. Kapata kazi Dodoma, mji asioujua hata kwa ndoto, na furaha imemjaa usoni. Nikamuuliza atakaa wapi. Akasema rafiki yake keshamwonea chumba: kina bati, kina sakafu ya saruji, kina dirisha la kioo. Nikamuuliza jirani ni nani. Akacheka. "Babu, mimi nakwenda kukaa chumbani, siendi kukaa na jirani."

Nilimwombea safari njema, akaenda zake. Lakini usingizi wangu wa mchana ukaniponyoka kwa ajili ya jibu lile, ndiyo maana nimechukua karatasi. Nawaandikia yeye na ninyi wenzake wote mnaofunga mizigo kwenda miji ya watu. Mkiona nazunguka zunguka, nivumilieni. Mzee akikumbuka kazi yake hapiti njia moja.

Mimi ni Sefu, mzaliwa wa Matombo, milimani Uluguru. Kazi yangu ilikuwa kujenga nyumba za miti na udongo hapa Morogoro, tangu Mjerumani hajafikisha reli hadi alipoondoka, na baada yake pia, mpaka magoti yalipokataa kupanda mapaa. Lakini kujenga kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuchagua. Mgeni akifika mjini hajui kushoto wala kulia, anauliza fundi ni nani, anakuja kwangu na kusema, "Fundi, nitafutie mahali." Na mimi namtafutia. Ukimjengea mtu ukuta mbovu utaukandika tena mwakani. Ukimweka mahali pabaya, hakuna udongo wa kuziba kosa hilo.

Aliyenifundisha ni Fundi Kibwana, mtu mfupi, mkali wa maneno, hapandi paa bila tambuu mdomoni. Siku ya kwanza aliyonichukua kutazama kiwanja nilibeba panga, kamba na jembe, nikijua tunakwenda kupima. Akaninyang'anya vyote, akanipa kigae kitupu. "Nenda nyumba tatu zile, kila moja uombe moto. Kisha njoo unieleze."

Nyumba ya kwanza mwanamke aliniuliza mimi mtoto wa nani, natoka wapi, nimekuja lini, napika nini, na kwa nini sikuhifadhi moto wangu jana. Alipomaliza maswali kaa alilonipa lilikuwa jivu. Nyumba ya pili nilipewa kaa zuri jekundu, kwa koleo, kupitia mlango uliofunguliwa kiasi cha mkono kupita. Nyumba ya tatu kulikuwa na bibi aliyekuwa anachambua mboga. Hakuinua hata uso. Akasema, "Moto uko jikoni, ingia uchukue, na ukipita hapo koroga chungu changu kisiungue." Nikakoroga. Nilipomsimulia Kibwana, alitema tambuu akasema, "Mgeni wetu tutamjengea karibu na huyo wa chungu." Hakuuliza udongo ukoje wala mti wa nguzo uko wapi.

Kipimo hicho kilitufaa miaka mingi. Kisha viberiti vikajaa katika maduka ya Wahindi, na kwenda kuomba moto kukawa kichekesho, watu wanakutazama na kujiuliza kama umefilisika. Kibwana alinung'unika mwezi mzima, halafu tukahamia kwenye kuazima ungo. Ungo si haba, ila hauna ukweli wa moto, kwa sababu mtu hukupa ungo hata kama hakupendi, ilimradi uurudishe.

Yako mengine tuliyokuwa tunayaangalia, na bado yanafaa. Usitazame mtaa mara moja. Nenda asubuhi, nenda adhuhuri, nenda baada ya laasiri, maana watu wa asubuhi siyo watu wa jioni. Tazama choo kiko wapi na kisima kiko wapi, na kipi kiko upande wa juu. Tazama kuku: wakimkimbia kila anayepita, jua watu wa hapo mikono yao ni miepesi kwa mawe. Na usimwulize anayekaa pale kama ni pazuri, atakwambia pazuri. Mtafute aliyehama, umuulize kilichomhamisha.

Jingine nililijua kwa aibu. Nilikuwa nimeanza kupewa kazi peke yangu, nikamjengea mfanyabiashara mmoja wa kutoka Bagamoyo, kiangazi, juu ya mchanga mzuri mweupe uliotandazika penyewe. Nikajisifu kwamba hata sakafu sikuhitaji kupiga. Sikujiuliza mchanga ule uliletwa na nani. Masika ilipoanza kule juu Uluguru, huku mjini hata tone halijadondoka, maji yalishuka na kupita mlango wa mbele, yakatokea mlango wa nyuma bila kugusa kuta. Nilimkuta tajiri amekaa juu ya kitanda, miguu ameikunja, kofia kichwani. Akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, nyumba uliyonijengea ni nzuri sana. Mto nao umeipenda." Tangu siku ile, kabla sijachomeka nguzo, natazama vichaka. Nikiona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi ya chini, najua maji hufika pale, naondoka.

Kosa hilo tulilicheka wote, hata tajiri mwenyewe. Ninalotaka kuwasimulia hasa sikulicheka, na mpaka leo nikilikumbuka nashusha pumzi.

Reli ilipofika, mji uligeuka. Bwana wa Boma, yule Mjerumani mkuu wa wilaya, akataka nyumba zisimame kwenye mstari, zitazamane, njia kati yake iwe pana na imenyooka. Vigingi vikapigwa, kamba zikavutwa, na mafundi tukafundishwa kujenga kwa pembe nne badala ya msonge. Mtaa mpya ukatokea karibu na stesheni, watu wakauita Mistarini. Walihamia makarani, wapishi wa Wazungu, wake wa askari, watu wa pwani wenye kanzu safi. Njia zilifagiliwa alfajiri. Hakuna aliyepaza sauti. Ukipita, kila baraza linakusalimu na kukuuliza hali.

Mimi nikaupenda mtaa ule kupita kiasi. Nilikuwa kijana, nimejinunulia tarbushi nyekundu, na nilikuwa nimeanza kuona haya nikiitwa mtu wa mlimani. Upande wa pili wa mto kulikuwa na Ng'ambo, alikokuwa anakaa Fundi Kibwana na ndugu zake: nyumba zimekaa ovyo ovyo, mbuzi wanalala njiani, watu wanabishana kutoka ua mmoja hadi mwingine. Mgeni yeyote aliyeniuliza nilimpeleka Mistarini nikiwa nimetoa kifua mbele.

Ndipo wakaja Mihambo na mkewe Milembe. Walikuwa Wanyamwezi, wamefuata kazi ya reli tangu inaanzia pwani, na sasa reli ilikuwa inasogea mbele kuelekea Kilosa. Mihambo alikuwa katika genge la kutandika vyuma. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Nilipowapokea stesheni, Mihambo alinitazama tarbushi hadi miguu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ndiyo wewe Mluguru unayejenga nyumba? Mimi nilidhani ninyi mnazaliwa pangoni, mnashuka mlimani siku ya kuoa tu!"

Ninyi wa leo huenda hamjui uzito wa maneno hayo. Wanyamwezi ni watani wetu tangu zama za misafara, walipokuwa wakipita nchi yetu na mizigo mabegani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Anaingia kwako bila hodi. Anachukua kuku wako uani na kukuaga. Na siku ya msiba au ugonjwa, wakati ndugu zako wamekaa wanalia, yeye ndiye anayefanya kazi. Kwa hiyo Mihambo hakunitukana. Alikuwa anatafuta kama ana mtu katika mji huu. Jibu lake lilikuwa jepesi, kila Mluguru analo mdomoni: ningemwambia mabega yake yameota sugu kama punda, tungecheka, tungekuwa ndugu.

Mimi nikaweka mkono kifuani nikasema, "Karibu Morogoro, bwana. Habari za safari?"

Mume na mke wakatazamana. Mihambo akajibu, "Njema," na hakutania tena.

Tukiwa njiani alinieleza shida yao. Watoto wawili walikuwa wamewazika kambini, mmoja baada ya mwingine, na wote walizaliwa Milembe akiwa peke yake, mume yuko kwenye vyuma. "Huyu wa tatu sitaki azaliwe kambini, fundi. Nataka azaliwe penye watu. Mimi nitakuwa mbele huko, siwezi kuja mpaka genge libadilishwe. Nitafutie mahali ambapo nikiondoka sitageuka nyuma." Nikamwambia anaweza kwenda kwa amani, mahali ninapo, bora kuliko pote mjini. Niliitoa ahadi hiyo bila hata kupunguza mwendo. Nikawaweka Mistarini, nyumba ya mwisho ya mstari wa pili, jirani karani na mkewe, mbele yao mpishi. Mihambo akapanda gari la kokoto za reli akaenda zake.

Haikupita nusu mwezi, Milembe akaja nilikokuwa najenga. Alitembea polepole, mkono kiunoni.

"Fundi, nihamishe."

"Kuna nini? Paa linavuja?"

"Halivuji."

"Majirani wamekukosea?"

"Hawajanikosea. Wananisalimu vizuri, wananiuliza hali, nawajibu, basi. Tangu nifike hakuna hata mmoja aliyenicheka." Alifuta jasho. "Nilipita kule ng'ambo ya mto kutafuta kuni. Mama mmoja akanipigia kelele kwamba Wanyamwezi wamekuja kummalizia kuni, kwa nini nisibebe na mti mzima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nijengee hata kibanda kule."

Nilitabasamu, tabasamu la fundi anayemsikiliza mtu asiyejua kitu. Nikamwambia Ng'ambo ni kelele tupu, kwamba ni mimba inayomsumbua, na kwamba nilimwahidi mumewe mahali pazuri, siwezi kumhamisha bila yeye. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Haya, fundi," akarudi alikotoka.

Jioni ile nilimsimulia Kibwana kama kichekesho: eti mwanamke kapewa Mistarini, anataka Ng'ambo akatukanwe. Kibwana hakucheka. Aliuliza kama mumewe alinitania siku ya kwanza. Nikamweleza. Akauliza mimi nilimjibu nini. Nikamweleza hilo nalo, na nilipokuwa nasema nikasikia mwenyewe jinsi lilivyo.

"Mtani wako kakupa mkono," akasema, "wewe ukampa habari za safari. Sasa niambie. Mwanamke huyo akianguka humo ndani, nani ataingia?"

"Majirani. Ni watu wema."

"Najua ni wema. Watapiga hodi. Asipoitika?"

Mtu mstaarabu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anarudi kwake. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na Mistarini walikuwa wanaifuata adabu hiyo barabara. Nilisema nitalishughulikia nikimaliza paa nililokuwa nalo. Kibwana akanitazama, na alipofika kwake akamweleza dada yake.

Dada yake ni Bi Mwanaisha, na ndiye yule aliyempigia Milembe kelele za kuni. Alikuwa mama mnene wa Kinole, mlimani kwetu, mwuza ndizi na mdalasini, sauti yake ilikuwa inavuka mto bila daraja.

Siku ya pili yake, jua limeshapanda, nilikuwa juu ya paa Mistarini, mstari wa kwanza, nafunga fito. Nikasikia sauti hiyo inakuja katikati ya njia iliyofagiliwa. "Yuko wapi Mnyamwezi wangu? Nasikia ana kuku! Nimekuja kumchukua kuku na mwenye kuku!" Watu wote wamejitokeza barazani. Nilitamani paa linimeze. Nikashuka mbio, tarbushi mkononi, nikamkuta mlangoni kwa Milembe. Mke wa karani alikuwa amesimama hapo kando na bakuli la uji.

"Shangazi, taratibu," nikamwambia. "Huku watu hupiga hodi."

"Nimeshapiga mimi," akasema mke wa karani kwa unyonge. "Mara tatu. Nadhani amelala, au ametoka. Nilikuwa narudi."

Bi Mwanaisha akatutazama sote wawili. Hakusema kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akausukuma mlango kwa bega akaingia.

Sauti iliyotoka mle ndani haikuwa ile ya sokoni. "Sefu! Maji ya moto! Niitie wanawake, wote, na waje na nguo!"

Nilikimbia, jamani. Nilipiga kila mlango wa mistari miwili na sikumwambia yeyote hodi. Niwape haki yao watu wa Mistarini, walikuja wote. Mke wa karani alitupa bakuli akaingia wa kwanza, mke wa mpishi akaleta sufuria ikiwa inachemka, hata wazee wakabeba kuni. Hawakukosa moyo. Walikosa ruhusa tu ya kuvuka kizingiti, na ruhusa hiyo mimi ndiye nilikuwa nimeinyima nyumba ile.

Baadaye nilielezwa kwamba Milembe alishikwa na uchungu alfajiri. Kwao mwanamke hapigi kelele, ni aibu, akauma kanga na kunyamaza mpaka nguvu zikamwisha. Hodi zote tatu alizisikia. Hakuweza kuitika.

Mimi niliachwa nje, mwanaume peke yangu kwenye ile njia iliyonyooka. Nilikaa chini nikashika kichwa. Niliwahesabu wale wawili waliozikwa kambini, nikamhesabu wa tatu, na nikaona nitakavyosimama mbele ya Mihambo na kumwambia mahali pazuri. Nilimwomba Mungu nikamwahidi mambo ambayo mengine sikuyatekeleza hadi leo. Kivuli cha nyumba kilitoka upande mmoja wa njia kikafika katikati. Ndani palikuwa kimya, kisha maneno ya chini chini, kisha kimya tena.

Halafu mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kwa kujiamini, kilio kirefu kisicho na wasiwasi wowote. Nililia pamoja naye. Nililia barabarani, tarbushi mkononi, mbele ya makarani, na sikuona haya hata kidogo. Bi Mwanaisha alitoka, mikono imelowa, jasho limemtiririka mpaka shingoni. "Wa kike," akasema. "Mama hana nguvu lakini mzima. Ungechelewa kushuka kwenye paa lako, au mimi ningengoja kukaribishwa, tungekuwa tunachimba kaburi." Kisha akajifuta akaongeza, "Hilo paa watalimalizia wengine. Wewe kesho uko Ng'ambo unachimba nguzo."

Mchana uleule tulimbeba Milembe kitandani, wanaume wanne, tukavuka mto pale penye maji haba, tukamlaza nyumbani kwa Bi Mwanaisha. Mke wa karani alifuata nyuma amembeba mtoto, na hakurudi kwake mpaka magharibi.

Nyumba ile ya Ng'ambo ndiyo niliyojenga kwa haraka kuliko zote maishani mwangu, na siyo kwa ufundi wangu. Watu wote walitoka. Wanaume walikata nguzo na fito, wanawake walikanyaga udongo, na kila tonge la udongo lililopigwa ukutani lilisindikizwa na tusi kwa Wanyamwezi. Milembe alikaa mlangoni kwa Bi Mwanaisha na mtoto kifuani, anawajibu mmoja mmoja. Alisema ukuta tunaoujenga umepinda kwa sababu Mluguru akisimama kwenye tambarare anainama mbele akidhani bado anapanda mlima. Wanawake waliacha kazi wakashika mbavu. Nilikuwa juu ya mwamba wa paa, nikamtazama akicheka, uso wote umefunguka, na ndipo nikaelewa alichokuja kuniomba siku ile. Kibwana alipita chini yangu, akainua macho, akatema tambuu. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Kuanzia siku ya tano nilianza kwenda stesheni kila magari ya kokoto yaliporudi. Siku ya nane Mihambo akashuka, amekonda, vumbi limemjaa nyusi. Aliponiona mimi badala ya mtu mwingine yeyote, akasimama palepale alipo. Nikafungua mdomo, akainua mkono.

"Usiniambie," akasema. "Kama ni vibaya, usiniambie hapa."

"Ni vizuri," nikasema. "Wote wawili wazima. Una binti."

Hakuonekana kunisikia. Alitembea nyuma yangu kimya kama mtu anayepelekwa Boma. Tulipopita njia ya Mistarini bila kuingia, aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hatuingii, nikamwambia mkewe amehamia ng'ambo ya mto. Tulipovuka tu, Bi Mwanaisha alimwona toka mbali, akampigia kelele asikanyage uwanja wake kwa miguu ile, na kwamba mtoto ni wao, yeye arudi kwenye vyuma vyake, hatakiwi. Mihambo akasimama. Akaangalia nyumba mpya, udongo bado mbichi. Milembe akatokea mlangoni amemshika mtoto. Basi yule mtu mzima mwenye mabega mapana akaketi pale pale kwenye tope la kukandikia, akacheka na kulia kwa pamoja, na Bi Mwanaisha akazidi kumtukana huku machozi yanamtoka yeye pia.

Niliwaacha mpaka wakatulia. Kesho yake nilikwenda kumwambia ukweli, kwa sababu sikutaka ausikie kwa mwingine. Nilimwambia kwamba mkewe alikuja kuniomba nimhamishe, nikamkatalia. Kwamba mtaa haukuwa na kosa, wala majirani. Kwamba yeye mwenyewe alinionyesha stesheni anachokitafuta, na mimi nikaona haya kukipokea kwa sababu ya kofia nyekundu. Nikamwambia yote bila kupamba, nikangoja.

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa.

"Nimekusikia," akasema mwishoni. Akapuliza vumbi la mti, akautazama mpini kwa jicho moja. "Ndugu yangu yuko njiani, anatoka kwetu na mkewe na watoto wanne. Hawajawahi kuiona Morogoro. Nilitaka nikuombe wewe uwatafutie mahali."

Nikamuuliza kama ana hakika, baada ya yale.

"Baada ya yale ndiyo nina hakika. Utawaweka wapi?"

Nilianza kufungua mdomo kutaja mtaa, maana tayari nilikuwa nimeshauona kichwani, na kiwanja chake, na nguzo zake. Nikaufunga. Wanangu, sijawahi kusikia wepesi kama niliousikia wakati ule.

"Sijui bado," nikamwambia. "Wakifika, nitazunguka mji na mke wa ndugu yako. Nitakapoona amecheka, tutasimama."